Sura ya Saba: Leseni na Fedha za Watu

Sura iliyopita ilimfuata mnunuzi kutoka dirisha la benki mpaka siku ya kukabidhiwa funguo. Hii inamfuata yule aliyekuwa akimtembeza nyumba kwa nyumba: wakala, ambaye sheria haimruhusu kupatanisha bei ya nyumba ya mtu kwa malipo mpaka awe na leseni. Nimeichagua California kwa sababu huko ndiko leseni hizi zilikoanzia, na sheria yake inataja kinagaubaga mambo ambayo kwingine yameachwa kwenye mazoea. Ukiishi Texas utadaiwa saa 180 za masomo, Minnesota 90, New York 77. Hesabu zinatofautiana, mifupa ni ile ile.

Kabla ya leseni

Katika miaka ya 1880 kampuni mbili za reli, Southern Pacific na Santa Fe, zilishindana kuwaleta watu Los Angeles. Nauli kutoka Kansas City ikawa inashuka wiki hadi wiki, na mwezi Machi 1887, kwa muda mfupi, ikafika dola moja. Watu wakamiminika. Walipofika walikuta madalali wanawasubiri na bendi za muziki, chakula cha bure na ramani za miji ambayo haijajengwa. Inasimuliwa kwamba muuzaji mmoja alichomeka machungwa kwenye miba ya mimea ya jangwani ili wageni waamini kuwa ardhi ile inazaa matunda. Mwaka 1888 bei zikaporomoka. Miji mingi ya kwenye ramani iliishia kwenye ramani, na arbuni zilizokwisha kutolewa hazikurudi.

Ilichukua karibu miaka 30 serikali kuingilia kati. Mwaka 1917 bunge la California lilitunga sheria ambayo hakuna jimbo jingine lililokuwa nayo: mtu asiuze wala kupangisha nyumba au kiwanja cha mwenzake kwa malipo bila leseni. Mahakama ya juu ya jimbo ikaifuta. Mwaka 1919 wabunge wakaiandika upya, ikapelekwa tena mahakamani, na safari hiyo ikasimama. Leo majimbo yote 50, pamoja na mji mkuu Washington, yana sheria ya namna hiyo.

Madalali wenyewe walikuwa miongoni mwa walioidai sheria hiyo kwa nguvu. Waliokuwa na ofisi, jina na wateja wa kudumu walichoka kuwekwa kapu moja na matapeli wa stesheni. Walijua pia kwamba mlango ukiwa mwembamba, washindani wanapungua. Nia hizo mbili, kumlinda mteja na kujilinda wao, zimeishi pamoja ndani ya leseni tangu siku ya kwanza, na baadaye katika sura hii tutaona ile ya pili ilivyotumika vibaya.

Lakini kiini cha jambo hakijabadilika tangu enzi za machungwa yale. Leseni ni ruhusa ya kushika kitu cha mtu: fedha zake, siri yake, nyumba yake. Mtihani hupima kama unaujua wajibu huo. Miaka inayofuata hupima kama unauweza.

Saa 135

Masharti ya kuanzia si mazito. Uwe umetimiza miaka 18, utoe alama za vidole, na useme kweli katika fomu. Huhitaji kuwa raia wa Marekani wala mkazi wa California. Fomu inataka namba ya Social Security, na asiye nayo anaweza kutumia namba ya mlipakodi iitwayo ITIN. Hapo wageni wengi hupumua, lakini wasisahau kwamba leseni si kibali cha kufanya kazi nchini. Mambo ya uhamiaji yana ofisi yake, na leseni haiyagusi.

Alama za vidole hupelekwa kwa vyombo vya sheria vya jimbo na kwa FBI, na rekodi yako hurudi kwa Idara ya Mali Isiyohamishika ya California, ambayo hapa nitaiita Idara tu. Kosa la zamani halikufungii mlango moja kwa moja. Idara hutazama uzito wake, umri wake na uhusiano wake na kazi hii. Kulificha ni jambo jingine. Uongo ndani ya fomu ni sababu tosha ya kunyimwa leseni, hata kama kosa lenyewe lingesameheka, maana kazi unayoiomba ni ya kuaminiwa na nyaraka.

Masomo ni matatu, kila moja saa 45, jumla saa 135. La kwanza ni misingi ya mali isiyohamishika. La pili ni utendaji wa kazi yenyewe. La tatu unachagua: sheria, mikopo, uthamini, uhasibu, usimamizi wa nyumba za kupanga na mengineyo. Unaweza kusoma kwa intaneti usiku baada ya zamu, kama wafanyavyo wengi, lakini huwezi kuyameza kwa wikendi moja. Chuo hakiruhusiwi kukupa mtihani wa mwisho wa somo kabla siku 18 hazijapita. Ukisoma moja baada ya jingine, hizo ni siku 54 kwa uchache.

Kisha ni mtihani wa jimbo: maswali 150 ya kuchagua jibu, saa tatu, na kufaulu ni asilimia 70, yaani majibu sahihi 105. Mtu anayeuogopa kwa sababu ya hesabu anaogopa kisicho kikubwa. Tazama mgawanyo. Mikopo na gharama zake ni asilimia 9. Uthamini na uchambuzi wa fedha ni 14. Sehemu kubwa kuliko zote, asilimia 25, ni utendaji na taarifa ambazo wakala lazima azitoe kwa mnunuzi na muuzaji. Inayofuata, asilimia 17, ni sheria za uwakala: unamtumikia nani, anakudai nini, na ufanye nini pande mbili zinapokuwa zako zote mbili. Kwa hiyo zaidi ya maswali 60 kati ya 150 yanauliza, kwa njia moja au nyingine, kama unajua kusema ukweli kwa wakati wake.

Anayeiba mtihani anaweza kuzuiwa kufanya mtihani wowote wa Idara kwa muda usiozidi miaka mitatu. Anayefeli halali anaruhusiwa kurudia ndani ya miaka miwili tangu ombi lake lilipopokewa. Anayefaulu asizubae: ana mwaka mmoja tu kuomba leseni yenyewe, na akichelewa anarudi kwenye chumba cha mtihani.

Chini ya broka

Leseni ya kwanza, ile ya wakala wa mauzo, haikupi ruhusa ya kufungua duka lako. California ina ngazi mbili. Juu yupo broka, ambaye anaweza kusimama peke yake, kuajiri na kufungua akaunti za wateja. Chini yake yupo wakala, ambaye hawezi kufanya kazi yoyote ya leseni mpaka broka amchukue. Asiyekuwa na broka anayo leseni, lakini imelala.

Hata kamisheni hupitia juu. Mteja akifurahi akataka kumlipa wakala moja kwa moja mkononi, wakala hana haki ya kupokea. Malipo yake yote ya kazi hiyo lazima yatoke kwa broka. Naye broka haruhusiwi kumlipa mtu asiye na leseni kwa kazi inayohitaji leseni. Msururu huu una maana yake: kukitokea tatizo, yupo mtu mmoja anayejulikana wa kujibu. Broka ambaye wakala wake ameharibu hawezi kusema hakujua, kwa sababu kutosimamia ni kosa linaloweza kumgharimu leseni yake mwenyewe.

Anayetaka kupanda ngazi anahitaji miaka miwili ya kazi ya kutwa ndani ya mitano iliyopita, au elimu ya chuo kikuu inayokubalika badala yake, masomo manane, na mtihani wa maswali 200 ambao kufaulu kwake ni asilimia 75.

Na anayeamua kufanya bila leseni kabisa? Mtu binafsi anaweza kutozwa faini hadi dola 20,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili. Adhabu ya kimya inauma zaidi. Asiyekuwa na leseni wakati kazi inafanyika hawezi kwenda mahakamani kudai kamisheni. Anaweza kuuza nyumba ya dola milioni moja, mwenye nyumba akamshukuru kwa maneno, na hakimu asiwe na la kumsaidia.

Hapa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atatabasamu. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu 1984, na bodi ya kuwasajili, lakini mitaani anayekuonyesha chumba mara nyingi hana usajili wowote. Dar es Salaam dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji, na katikati yake wanaweza kuwapo madalali wengine wawili watatu, kila mmoja na mgao wake kwa kuwa alimjua aliyemjua mwenye nyumba. Mtu aliyelelewa na mnyororo huo akifika California huona ni adabu kumpa chochote rafiki aliyemletea mteja. Awe mwangalifu sana. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, iitwayo RESPA kwa kifupi, inakataza kulipana kwa ajili ya kuelekezana wateja katika ununuzi wa nyumba unaotumia mikopo ya kawaida ya benki. Adhabu yake inafika dola 10,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Mawakala wenye leseni wanaruhusiwa kugawana kupitia mabroka wao. Binamu anayefanya kazi ya uuguzi, hata akikuletea wateja kumi, mshukuru kwa mdomo.

Nishikie

Sasa tufike kwenye fedha, eneo ambalo wakaguzi wa Idara hulichimba kuliko yote.

Wakala hupokea fedha zisizo zake kila mara. Mnunuzi anatoa arbuni. Mpangaji analipa kodi na dhamana. Mwenye nyumba anatuma fedha za kutengeneza paa. Zote hizi ni amana, na sheria inazitaja kwa uzito huo. Broka akizipokea ana siku tatu za kazi kuzipeleka mahali pamoja kati ya matatu: kwa mwenyewe anayestahili, kwa kampuni ya eskro, yaani mtu wa tatu asiye na upande anayeshika fedha mpaka mauzo yakamilike, au kwenye akaunti ya amana benki. Wakala wa chini yake hana hata hizo siku tatu. Anazikabidhi kwa broka mara moja, au anazipeleka pale broka alipomwelekeza.

Akaunti ya amana haichanganywi na fedha za broka. Sheria inamruhusu kuweka humo dola zake zisizozidi 200, kwa ajili ya makato ya benki tu. Kamisheni yake ikiingia humo pamoja na fedha za mteja, aitoe ndani ya siku 25. Kila mwezi alinganishe daftari la kila mteja na daftari la akaunti nzima, na kumbukumbu zote azihifadhi miaka mitatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria ya California imeuchukua msemo huo ikauwekea tarehe na adhabu.

Jambo ambalo wengi hawalielewi mpaka barua ya Idara iwafikie ni hili: kuchanganya fedha ni kosa hata kama hakuna senti iliyopotea. Broka akiweka kodi ya mpangaji kwenye akaunti yake binafsi Ijumaa, Jumatatu akamlipa mwenye nyumba kamili, tayari amekosa. Akizitumia, hata kwa saa chache, kosa linapanda daraja. Sheria haingoji wizi utokee, kwa sababu mlango wa wizi huwa ni huo mchanganyiko. Mwezi mbaya unapokuja, mtu anayeona dola 9,000 kwenye akaunti yake husahau ni ngapi kati ya hizo zina mwenyewe.

Kwa wakala anayezungumza Kiswahili na kuhudumia jamii yake, hatari hii huja na sura ya wema. Mama mmoja wa makamo, anayeheshimika kanisani, anakuita pembeni baada ya ibada na kukupa bahasha: "Mwanangu, hii ni ile arbuni. Nishikie mpaka wiki ijayo, nikikaa nayo nitaitumia." Mzee mwenye nyumba mbili Oakland anakwenda kumzika ndugu yake Tanga, anasema wapangaji wakulipe wewe, ukipata nafasi umtumie kwa simu. Hakuna hata mmoja anayekutega. Wanakupa heshima kubwa wanayoijua, ya kushika mali ya mtu bila karatasi. Ukikataa utaonekana umekuwa Mmarekani. Ukikubali umeshika amana bila stakabadhi, bila akaunti, bila broka kujua, na saa ya siku tatu za broka wako imeanza kuhesabu.

Wakala aliyekomaa ana jibu la namna hii tayari kichwani: "Mama, nakushukuru kwa kuniamini. Lakini fedha hii sheria hainiruhusu kukaa nayo. Kesho saa nne nitakupitia twende benki, uandikiwe hundi kwa jina la kampuni ya eskro, nawe upewe stakabadhi yako." Heshima imebaki, na bahasha imerudi kwenye mkoba wake. Kwa yule mzee wa Tanga jibu ni mkataba wa usimamizi kati yake na broka, akaunti ya amana, na taarifa ya kila mwezi. Akisema hayo ni mengi kwa nyumba mbili, basi na amtafute mtu mwingine. Mteja huyo anauma kumpoteza. Leseni inauma zaidi.

Serikali nayo imejiandaa kwa siku ambayo wakala atashindwa. Ipo akaunti maalumu ya fidia, inayotokana na ada za wenye leseni wenyewe. Mteja aliyetapeliwa na wakala, akashinda kesi na kukuta wakala hana kitu cha kukamatwa, anaweza kulipwa hadi dola 50,000 kwa muamala mmoja, na wateja wote wa wakala huyo kwa pamoja hadi dola 250,000. Siku Idara inapolipa, leseni ya wakala inasimama yenyewe, na haiamki mpaka arudishe kila dola pamoja na riba.

Ulichokiona

Baada ya fedha, kinachofuata kwa kuwaponza mawakala ni kimya.

Mwaka 1976, katika eneo la Diablo mashariki ya Oakland, nyumba iliyokaa juu ya ekari moja iliuzwa kwa dola 170,000. Ilikuwa imejengwa juu ya udongo wa kujaza ambao haukushindiliwa vizuri. Muda mfupi baadaye ardhi ilianza kuteleza, na nyumba ikapasuka. Muuzaji alijua kwamba ardhi ile ilikwisha teleza zamani, na hakuwaambia mawakala. Mawakala walijitetea kwa hilo: hatukuambiwa. Lakini ushahidi ulionyesha kwamba walikuwa wamejua nyumba imesimama juu ya udongo wa kujaza, mmoja wao aliona nyavu zilizotandazwa kushikilia mteremko, na sakafu ya jengo la wageni haikuwa sawa. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyependekeza udongo upimwe.

Mahakama ya rufaa ilipoamua mwaka 1984 ilisema kwamba wakala wa muuzaji ana wajibu kwa mnunuzi pia: aitazame nyumba kwa makini ya mtu wa fani na aseme yale ambayo jicho hilo lingeyaona. Mwaka uliofuata bunge likaiweka hukumu hiyo ndani ya sheria ya nyumba za makazi, na kuipa mipaka. Wakala hatakiwi kuvunja ukuta, kutambaa chini ya sakafu wala kupekua rekodi za serikali. Anatakiwa atembee, atazame, na aandike. Tangu 1987 muuzaji naye hujaza fomu ndefu ya hali ya nyumba, na mawakala wa pande zote mbili huandika chini yake walichokiona kwa macho yao.

Sheria imegusa hata kifo. Mtu akiwa amefariki ndani ya nyumba zaidi ya miaka mitatu iliyopita, si lazima wakala alitaje. Lakini mnunuzi akiuliza waziwazi, kudanganya ni kosa. Kwa wateja wetu wengi swali hilo huja mapema kuliko la bomba la maji, na wakala ajue la kujibu kabla ya kuulizwa.

Hata malipo ya wakala sasa yametolewa gizani. Oktoba 2023 baraza la mahakama huko Kansas City liliamua kwamba utaratibu wa kamisheni uliozoeleka nchini ulikuwa njama ya kupandisha bei. Chama cha taifa cha mawakala kikakubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi hizo, na tangu Agosti 17, 2024 wakala wa mnunuzi aliye katika mfumo wa chama hicho lazima awe na mkataba wa maandishi kabla ya kumtembeza mteja ndani ya nyumba. California ikaongeza sheria yake kuanzia Januari 2025: mkataba na mnunuzi uwe wa maandishi, na kwa kawaida usizidi miezi mitatu. Kwa wakala aliyezoea kumwambia mteja "tutaelewana", neno hilo limekwisha kazi yake. Taja kiasi, kiandike, mteja asaini.

Mlango uliofungwa

Nilisema leseni ilizaliwa na nia mbili. Ile ya kupunguza watu mlangoni ilichukua rangi ya ngozi. Mwaka 1924 chama cha taifa kiliweka katika maadili yake kipengele kilichomtaka wakala asiingize katika mtaa watu wa kabila au taifa ambalo, kwa fikra za wakati ule, lingeshusha thamani ya nyumba. Kipengele hicho kilidumu mpaka 1950. Wakala aliyemuuzia familia ya Kiafrika nyumba katika mtaa wa wazungu alikuwa anavunja maadili ya kazi, kwa maandishi. Mwaka 1947 mawakala weusi 12 walikutana Tampa, Florida, wakaanzisha chama chao, kwa kuwa kile kikubwa hakikuwataka.

California haikuwa na mikono safi. Bunge lake lilipopiga marufuku ubaguzi wa makazi mwaka 1963, chama cha mawakala wa jimbo kiliongoza kampeni ya kuifuta sheria hiyo kwa kura ya wananchi, na mwaka 1964 kikashinda. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa matokeo hayo mwaka 1967. Sheria ya shirikisho ya haki ya makazi ilisainiwa Aprili 11, 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa.

Historia hii imo ndani ya leseni ya leo. Tangu 2024 somo la utendaji lazima lifundishe upendeleo uliojificha na sheria za makazi, tena kwa zoezi ambalo mwanafunzi anaigiza wakala na mteja. Na wakala mwenye asili ya Afrika Mashariki asidhani somo hilo ni la wengine. Mteja wako Mhabeshi akikuuliza "watu wetu wako mtaa gani?", nawe ukamchagulia nyumba kwa kigezo hicho, umemwelekeza kwa asili yake, na sheria inakataza. Hata kama wewe ni mweusi, hata kama ameomba mwenyewe. Mpe orodha ya nyumba zinazolingana na mfuko wake, na mtaa achague yeye.

Miaka minne

Leseni ya California huishi miaka minne. Kuihuisha kunadai saa 45 za masomo, yakiwamo maadili, uwakala, utunzaji wa amana, haki ya makazi na upendeleo uliojificha. Ikiisha muda kabla hujahuisha, una miaka miwili ya kuirudisha kwa ada kubwa zaidi, lakini katika muda huo usiguse kazi. Ikipita miaka miwili unaanza na mtihani upya, hata kama umeuza nyumba kwa miaka 20.

Katikati ya hiyo minne, sheria inataka uongee. Umehukumiwa kwa kosa la jinai, umeshtakiwa kwa kosa kubwa, au bodi nyingine imekuadhibu: ijulishe Idara ndani ya siku 30. Ukihama anwani, vivyo hivyo. Na yako mambo ambayo hayahusiani na nyumba hata kidogo. Mzazi aliyeacha kulipa matunzo ya mtoto aliyoamriwa na mahakama hapewi leseni kamili. Hupewa ya muda, siku 150, alipe au aikose. Anayeonekana kwenye orodha ya jimbo ya wadaiwa wakubwa wa kodi anaweza kusimamishiwa leseni yake. Jimbo linasema kwamba mtu anayeomba kushika vya wengine aanze kwa kulipa anayodaiwa.

Yote haya yanaonekana na umma. Namba ya leseni lazima iwe kwenye kadi yako ya biashara na kwenye matangazo yako, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiandika kwenye tovuti ya Idara. Atasoma jina lako, kama leseni iko hai, broka wako ni nani, na kama umewahi kuadhibiwa. Ukiwa mteja, fanya hivyo kabla ya kupanda gari la wakala yeyote, hata kama ni mtoto wa jirani mliyekua naye Kisumu.

Na ukiwa wakala, kumbuka kwamba katika jamii ndogo ya ugenini ukurasa ule na maneno ya watu baada ya ibada yanazungumza lugha moja. Yule mama wa bahasha atawasimulia wenzake kwamba ulikataa kumshikia fedha. Wapo watakaokuona umejaa masharti. Wapo watakaokutafuta kwa sababu hiyo hiyo, na hao ndio wateja wanaoifikisha leseni kwenye miaka minne mingine.